Natafuta gari ya juu ya kubebea mawese, na huu ndio mzunguko niliopiga mpaka sasa

Stori yenyewe ilianzia njia ya Ilagala mwezi wa pili. Mvua imetoka kukatika, niko na IST yangu, kile kigari kidogo cha Toyota, dumu nne za mawese kwenye buti na mbili siti ya nyuma, nikasikia ko! chini kama mtu kagonga sufuria kwa mwiko. Nikasema jiwe tu hilo. Sijafika hata mita mia mbili taa nyekundu ya oili ikawaka, nikazima, nikashuka, nikaona mstari mweusi umenifuata barabarani kama mkia. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imetoboka. Akatokea kijana wa bodaboda, akaniuliza mama una sabuni, nikamwambia ninayo ya mche, akakata kipande akakifinyanga akaziba lile tundu, tukatafuta oili kwenye kiduka tukamimina, tukaondoka kwa kunyatanyata. Kilomita tatu. Halafu sabuni ikayeyuka, na mimi nikavutwa na kirikuu, kile kipikapu kidogo, mpaka Simbo kwa kamba ya katani, niko kwenye stelingi nalia huku nacheka.

Siku hiyo hiyo usiku nikamwambia baba watoto mi nauza IST, natafuta gari ya juu. Akafurahi kuliko nilivyotegemea, baadae ndo nikajua kwanini.

Kabla hamjaniuliza mbona usinunue kirikuu moja kwa moja, nimeshaulizwa hilo na watu kumi. Mzigo mkubwa huwa nakodi Canter, hiyo sio shida. Shida ni zile safari za katikati ya wiki, naenda Simbo au Ilagala au napanda njia ya Manyovu naacha lami naingia vijijini, naonja mafuta kwa wakamuaji, nalipa, narudi na dumu nane au kumi, halafu saa tisa niko shuleni nachukua watoto wawili, halafu kuna siku nampeleka mama mkwe kliniki kutoka Ujiji na magoti yake yale. Kirikuu haiwezi yote hayo. Na mji wetu mnaujua, Kigoma ni milima, ukitoka Mwanga kushuka stesheni unashuka kweli, na ukirudi unapanda kweli, na mtaani kwetu mvua ikinyesha mfereji unahama kila wiki.

Kwahiyo nilichokuwa natafuta ni kile wanachoita SUV ndogo. Ipande, ibebe, isinywe mafuta kama ng'ombe, na ikiharibika fundi wangu aiweze. Hili la mwisho sikulipa uzito mwanzoni, nitalirudia.

Sasa baba watoto. Kumbe yeye moyoni ana Toyota Harrier, ile wanayoiita tako la nyani, tena muda mrefu tu, ana picha kwenye simu. Nikamwambia mume wangu hiyo gari ni nzuri sana, siti laini, ndani kimya, lakini unataka nimwage mawese mle ndani? Akanyamaza kidogo akasema basi tutaweka turubai. Nikajua hapa natakiwa nifanye hesabu mwenyewe. (Bado hajakata tamaa, jana kanitumia nyingine, nyeusi, namba D, eti mwenyewe anasafiri.)

Nianze na hela maana ndo inachuja wengi. Nilikaa na kikokotoo cha TRA kwenye simu mpaka macho yakauma. Kuagiza Japani inaonekana rahisi ukiangalia ile bei ya kwenye mtandao, gari hiyo hapo inang'aa, unaona kama unaonewa na madalali wa hapa. Lakini hesabu yake iko hivi. Thamani ya gari pamoja na meli na bima, tuseme milioni 10 kwa thamani wanayoitambua TRA, maana wana thamani zao, hawaangalii tu karatasi ya muuzaji. Ushuru wa forodha asilimia 25, hapo milioni mbili na nusu. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kama injini ni cc 1,001 mpaka 2,000, ikizidi 2,000 ni asilimia 10. Gari ikizidi miaka 10 kuna uchakavu asilimia 30, na gari nyingi ninazozitaja hapa zimeshapita huko. Halafu VAT asilimia 18 juu ya hiyo jumla yote. Nikapiga nikapata kwa injini ya cc 2,000 unalipa kodi karibu milioni 9 na laki 9, yaani unanunua gari mara mbili, na hapo sijagusa ada ndogondogo wala bandari wala dereva wa kuitoa Dar kuileta huku mwisho wa reli. Ile ya cc 2,400 inaongezeka kama laki saba na kitu juu ya hapo. Nikafunga simu nikalala. Asubuhi nikasema natafuta ya mkononi, iliyoshalipiwa yote hayo na mtu mwingine, Mungu ambariki.

Basi nikaanza kuazima. Sikwenda showroom yoyote, Kigoma showroom ni barabara, unaona gari ya mtu unamuuliza. Nikawa na kipimo changu kimoja ambacho kila mtu alinicheka, dumu za lita 20. Natembea na dumu tupu kwenye IST, nikifika kwa mwenye gari nampa salamu, naomba kufungua buti, napanga madumu yasimame wima bila kulaza siti. Gari zinatangazwa kwa lita za buti lakini hizo lita wanahesabu mpaka kona ambazo dumu haliingii. Dumu halidanganyi. IST yangu yanakaa manne. Na kumbukeni dumu moja la mawese ni kama kilo 18, ukiweka kumi na mbili ni zaidi ya kilo 200, sawa na watu watatu wazima wamekaa kwenye buti, hiyo gari lazima itakaa chini nyuma, kwahiyo hata ule urefu wa kutoka chini unaoandikwa ni wa gari tupu.

Ya kwanza ilikuwa ya wifi yangu, RAV4 kilitaimu. Hii kila mtu anaijua, ile fupi fupi yenye tairi mgongoni. Madumu manane, la tisa likagoma, mlango haufungi. Ilipanda vizuri tu mpaka kwetu. Lakini fundi aliponiona nayo akafungua boneti kabla hata hajanisalimia, akanionyesha maandishi juu ya kifuniko cha injini, D-4. Akasema mama hii ndo ya 2.0 ya Japani, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kuna pampu yake ya presha, na hiyo pampu na nozeli hazipendi mafuta machafu, na wewe unajua huko vijijini wakati mwingine tunaweka mafuta ya kwenye chupa. Nikamwambia si kuna ya 1.8 haina hiyo D-4? Akacheka akasema ipo, ila ya 1.8 haina fowili, yani tairi zote nne hazivuti, inavuta mbele tu. Hapo nikaelewa kwanini wifi yangu kila akija nyumbani gari anaiacha lami. Nikaivuka.

Miss Tz, yani RAV4 iliyofuata, hii nilikuwa naiota. Jirani yangu anayo, nyeupe, aliniachia Jumamosi nzima na nilijisikia mtu. Madumu kumi na mbili yameingia bila kusukumana. Injini yake ni 2.4, ile ile inayokaa kwenye Vanguard na kwenye baadhi ya Harrier za baba watoto, spea zimejaa, ukipiga simu Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, kabla hujamaliza kutaja jina la gari wameshakutajia bei. Ila kuna mambo mawili sikuyajua. Moja, hiyo injini ya 2.4 ya miaka ile inajulikana kwa kula oili, ringi za pistoni zinachoka, sio zote lakini ni nyingi kiasi kwamba unatakiwa uchomoe kijiti cha kupimia oili uangalie kila wiki. Pili, na hili ndo lilinishangaza, mtaani watu wanaikimbia Nissan kwasababu ya giaboksi ya CVT, ile ya mkanda isiyobadilisha gia, wanakwambia nunua Toyota ulale usingizi. Kumbe Miss Tz za Japani nazo ni CVT! Jirani mwenyewe alikuwa hajui. Alikuwa anaweka oili ya giaboksi ya kawaida miaka miwili, fundi alishika kichwa. Sisemi ni mbaya, CVT ya Toyota inavumilia, nasema tu tusidanganyane. Na bei yake jamani. Nilizoulizia zote zilikuwa milioni 19 kwenda juu, kwa hela hiyo napata gari na dumu mia mbili za mawese ndani ya stoo.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Hili dogo lakini kwa mtu wa mzigo ni kubwa. Kilitaimu, Miss Tz, Escudo ya Suzuki, Rush ya Toyota, zote mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama wa jokofu, na nyingi zimebeba tairi juu yake. Soko la Mwanga ukipaki akaja mtu akakuganda nyuma, mzigo wako unaulilia kwa nje. Na ukipaki kwenye mlima, mlango ule na tairi yake unarudi wenyewe, nilipigwa nao kwenye kiwiko nikiwa nimeshika dumu, sitasahau. Inayonyanyuka juu kama X-Trail ya Nissan au Forester ya Subaru unapata na kivuli, na mvua ikinyesha unapakia chini yake.

Escudo niliazima kwa mjomba, alishuka nayo kutoka Kasulu. Hapa naomba niseme ukweli, kwa barabara hii ndo mwanaume kuliko zote. Nyingi ya hizi nyingine ni gari za kawaida zilizonyanyuliwa, na baadhi fowili yake inasubiri tairi za mbele ziteleze ndo inaamka. Escudo hii inavuta zote nne muda wote, ina swichi kwenye dashibodi, unaweza kufunga difu ya katikati ili mbele na nyuma zivute sawa, na ina gia nzito kabisa ya chini, ile ya kutambaa. Chesesi yake imeshonewa ndani ya bodi. Mjomba alinipeleka kwenye kilima kimoja cha utelezi njia ya Kalinzi, udongo mwekundu ule unaong'aa kama umepakwa samli, akasimama katikati ya mlima makusudi, akafunga, akaachia breki, gari ikapanda taratibu kama mzee anapanda ngazi. Nilikaa kimya. Lakini buti lake fupi, madumu manane, na mafuta! Nilijaza tanki nikazunguka nayo siku tatu nikajaza tena, ikanipa kilomita nane na kidogo kwa lita. Mjomba akasema mbona hiyo nzuri, mimi inanipa saba. Kigoma mafuta yanatoka Dar kwa barabara ndefu, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei kikomo sisi huku tunasoma mwishoni mwishoni kwenye zile bei za juu. Mtu anayekaa Dar anaweza kupuuza lita moja. Mi siwezi.

Rush nilifikiri ndo jibu. Ya mwalimu mmoja wa sekondari, kaitunza kama yai. Injini ndogo cc 1,500, ukiipima na Escudo ni kama mdogo wake, inasukuma kwa nyuma, yenye fowili ina kitufe cha kufunga difu ya katikati, chini ina milimita 200 sawa na Escudo na inazidi Miss Tz kwa kama sentimita moja. Nyembamba, inapita vichochoro vya Ujiji kule kwa mama mkwe. Ikanipa kilomita kumi na mbili. Nikasema hii hii! Kisha nikapakia. Madumu sita, la saba kwa kulazimisha, na nikiwa na saba watoto wakikaa nyuma na mabegi basi hakuna pa kupumulia. Na ukiwa umepakia, mlima wa kutoka ziwani kuja Mwanga inalia, inalia jamani, gia inashuka inapanda inashuka, mpaka unaionea huruma unataka kushuka uisukume.

Forester. Hapa mama mkwe anaingia.

Kijana wa duka la simu ana Forester ile ya toleo la pili, akanipa nimpeleke mama kliniki nione. Mama mkwe wangu magoti yake hayapandi. Kwenye Escudo alikanyaga ile ngazi ya pembeni akashika mpini wa juu, akaning'inia, tukamsukuma kwa nyuma watu wawili huku anasema niacheni nitembee. Kwenye Forester akageuka akaweka kiuno kwenye siti, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akajifunga mkanda, akasema twende. Ndo gari pekee ambayo siti yake iko usawa wa kiuno cha mtu mzima, sio juu sio chini. Madumu kumi na moja. Inashika barabara kama imegundishwa, maana injini yake imelala chini, silinda mbili huku mbili kule. Kona za njia ya Manyovu nilikuwa natabasamu peke yangu.

Nikarudi kwa fundi na uso wangu huo. Akaniangalia. Akasema mama, plagi za hii gari ziko ubavuni zinatazamana na chesesi, kubadilisha plagi nne tu ni nusu siku. Mkanda wa taimingi wa injini hizi ni kila kilomita laki moja, ukikatika vavu zinapigana na pistoni, na wewe unajua kilomita za kwenye saa za hizi gari zimerudishwa mara ngapi? Tairi zote nne lazima zilingane, ukipata pancha ukafunga tairi ya saizi nyingine ukatembea nayo wiki nzima unaua difu. Halafu akasema jambo moja ambalo mpaka leo nalifikiria, akasema, hizo zote naweza kujifunza mama, lakini utakuwa unanifundisha wewe kwa hela yako.

Hapo ndo lile suala la fundi likaniingia. Nilikuwa nalinganisha gari kama vile nanunua sufuria, hii kubwa hii ndogo. Kumbe gari ukiwa Kigoma unaolewa na familia nzima, na fundi wake, na duka la spea, na basi linaloleta bushi kutoka Dar. Kitu kikivunjika Jumatatu ukapiga simu Jumatatu hiyo hiyo, hela ukatuma, mzigo ukawekwa kwenye basi, ukabahatika, unafunga katikati ya wiki. Usipobahatika wameleta ya mkono wa kushoto. Nikaenda nikasimama gereji siku nzima Ijumaa moja na chupa yangu ya chai, nikawa nahesabu tu gari zinazoingia na zinazotoka. Forester ziliingia mbili, hakuna iliyotoka. Moja ilikuwa na kuku chini yake.

CR-V ya Honda siiongelei sana. Ni gari nzuri tu, ile ya 2001 mpaka 2006 hata sakafu ya buti ni meza, unaichomoa unakunjua miguu unakula nayo porini, watoto wangu waliipenda kwa hiyo tu. Lakini fowili yake inachelewa kuamka na mjini kwetu nimeziona chache, nikaogopa.

Ikabaki X-Trail, na sio zote. Kuna ile ya kwanza, T30, ya 2000 mpaka 2007, ya kisanduku, saa za spidi ziko katikati ya dashibodi. Na kuna T31 iliyofuata, nzuri zaidi kwa sura, hiyo nyingi ni CVT na ina oili yake maalumu, NS-2, na waliowekewa nyingine ndo hao wanaoisema vibaya mitaani. Ya kwanza ya 2.0 ina giaboksi ya kawaida ya gia nne ambayo fundi wangu anaifungua amefumba macho. Shemeji yangu anayo. Madumu kumi na mbili. Mlango unanyanyuka juu. Ina kitufe cha fowili, unaweza kuiacha ivute mbele tu ukiwa lami, ukaiweka ijiamulie, au ukafunga kabisa ukifika kwenye tope. Na kitu kilichonimaliza, sakafu ya buti ni ubao wa plastiki, sio kapeti. Wajapani waliitengeneza kwa watu wanaokwenda kuteleza kwenye barafu na kuvua samaki, ili uoshe. Shemeji akanipa kitambaa na maji ya sabuni, nikamwaga kikombe cha mawese pale makusudi, yeye anapiga kelele, nikafuta. Ikatoka! Hata ile rangi ya njano haikubaki. IST yangu kapeti yake mpaka leo jua likiwaka inanuka kama jikoni kwa bibi.

Mama mkwe akaipanda kwa kinyongo, akasema sio kama ile ya juzi lakini afadhali kuliko ile ya kusukumwa. Nimeipokea hiyo kama baraka.

Kasoro yake mafundi wote wanaimba wimbo mmoja, masega. Yale masega ya kwenye ekzosi, kwenye hizi injini yako karibu sana na silinda, yakizeeka yanasagika, vumbi lake linarudi ndani linakwangua silinda, na ikifika hapo inaanza kula oili na moshi wa bluu. Kwahiyo X-Trail hununui rangi, unanunua masega.

Ya kwanza niliyoiona kununua ilikuwa Gungu. Fedha, safi, tairi mpya, muuzaji anaongea vizuri mno. Nikaenda na fundi saa kumi na mbili asubuhi bila kupiga simu, maana fundi alisema gari uione ikiwa baridi, wakishaipasha moto inasema uongo. Tukamkuta muuzaji amevaa msuli. Fundi akagusa boneti, ya baridi, akasema sawa washa. Ikawaka. Akaniita nyuma, akaingiza kidole kwenye ekzosi akakitoa, cheusi, kina utelezi, akakisugua kwa kidole gumba, akanipa na mimi nisugue. Masizi makavu hayana neno. Hii ilikuwa inateleza. Akafungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ukawa unapumua pale pu, pu, pu kama birika. Halafu akapiga ekzosi kwa ngumi, ndani kikasikika kitu kama kokoto kwenye kopo. Hakusema chochote. Akafunga boneti taratibu, akamwambia muuzaji asante kaka, tutawasiliana. Muuzaji akashusha milioni moja na nusu pale pale kabla hatujafika barabarani, akashusha nyingine moja kwa simu jioni. Baba watoto akasema chukua hiyo, injini tutabadilisha. Nikamwambia na wewe unajua bei ya injini au unajua bei ya Harrier tu?

Kwa sasa kuna moja Tabora, maeneo ya Cheyo, ya mwalimu mstaafu, kijani iliyokolea, ya 2004. Anasema alishatoa masega miaka mitatu iliyopita na ana risiti za oili kwenye daftari, amenipigia picha kurasa mbili, mwandiko wa ubaoni kabisa, tarehe na kilomita. Anataka 11, nimemwambia 9 na nusu, akanijibu "njoo uione kwanza mwanangu". Sio lazima iwe hiyo. Ila nimezunguka miezi minne na sijaona mtu mwingine aliyeandika daftari.

Tunaenda kwa treni, mimi na fundi, tiketi yake nimelipa mimi na posho tumepatana. Jana tunapanga mizigo akaniona naweka dumu mbili tupu kwenye kiroba, akaniuliza mama, si tulishapima ya shemeji, hizi gari zinafanana. Nikamwambia nabeba hivyo hivyo.